Usianze na sabuni, mdogo wangu

Msomaji mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nimechaguliwa kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nifanyeje watu wanisikilize?" Umefika penyewe. Mei 2015, Warundi walipomiminika Kagunga, kijiji cha Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, wakikimbia vurugu za muhula wa tatu wa Rais wao Nkurunziza, kipindupindu kikalipuka pale ufukweni, na mimi nilikuwa kati ya vijana wa kujitolea. Sisi Waha tunasikilizana na Warundi, kwa hiyo maneno mengi yalipitia midomoni mwetu.

Mzee mmoja aligoma kunywa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Alinusa kikombe, akakishusha mchangani. Kilinuka klorini. Mtu aliyeikimbia serikali yake aamini vipi kikombe cha serikali ya ugenini? Nesi alianza kufoka. Mimi nikakaa chini, nikapiga mafunda mawili mbele yake, nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Tulipofika kwa ndama, akanyoosha mkono. Wasomi wenye vipaza sauti walikuwa pale pale, wameshindwa.

Sasa usidhani haya yanaishia kwenye kikombe. Agosti 2014 serikali ya Liberia iliuzingira kwa askari mtaa wa West Point, Monrovia, eti kuizuia Ebola. Watu wakapambana nao, kijana mmoja akapigwa risasi akafa. Mwezi uliofuata, kijijini Womey, Guinea, watu 8 wa msafara wa kuelimisha kuhusu Ebola waliuawa. Mwezi huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatamka kwamba Ebola ni tishio kwa amani ya dunia. Na hapa kwa jirani zetu Kongo, Desemba 2018, kura ya rais iliahirishwa katika miji ya Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Wananchi wakaona wameporwa kura kwa kisingizio cha ugonjwa, wakavamia kituo cha Ebola Beni. Nani tena angewashawishi kuchanjwa?

Kwa hiyo ukifika kijijini, uliza kwanza wanamshuku nani, na kwa nini. Sikiliza mpaka wamalize. Mtendaji akitaka kukusindikiza na mgambo, mwombe kwa heshima wabaki ofisini. Viongozi mnaonisoma, nanyi acheni kutisha wagonjwa! Mtu akiogopa anajificha, na aliyejificha anaambukiza nyumba nzima.

Halafu posho, mdogo wangu: dai maandishi kabla hujavaa kizibao. Ya Kagunga naidai mpaka leo.