Maswali ya Wasomaji: Tangi la Samaki la Plaiwudi

SWALI: Ndugu mjibu maswali, pokea salamu kutoka Njiro. Ninafuga samaki wa mapambo katika kitangi kidogo cha kioo, na sasa ninataka tangi kubwa la sebuleni lenye urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Bei ya kulitengeneza lote kwa kioo imenishinda. Seremala wa jirani anasema anaweza kuliunda kwa plaiwudi na kuweka kioo upande wa mbele tu, ila anashikilia kwamba plaiwudi iwe ya milimita 25 ili lisipasuke. Je, jambo hili linawezekana, na unene huo ni wa lazima? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Linawezekana kabisa, na kwa ukubwa unaoutaja ndipo plaiwudi inapoanza kuleta nafuu ya kweli, kwa tangi dogo, kazi ya kuziba maji ingekula nafuu yote. Seremala wako ana nia njema, lakini hofu yake ameielekeza pasipohusika. Ni nadra tangi la plaiwudi kuharibika kwa kupasuka ubao. Huharibika kwa sababu maji yamepata tundu dogo katika ngozi ya ndani, yakapenya kwenye tabaka za mbao, zikavimba na kuachana, na fundi akaja kugundua miezi kadhaa baadaye anapoona doa jeusi nje ya kona. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha, na fedha utakazookoa zipeleke kwenye epoksi, yaani ile resini ya kuchanganya na kigumishi inayokauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji.

Msukumo wa maji hutegemea kina chake, wala hautegemei urefu wa tangi. Ukijaza hadi sentimita 55, kila mita ya mraba ya sakafu ya tangi itabeba kilo 550, na ukuta wote wa mbele utasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 270 hivi. Ubao hautavunjika kwa nguvu hiyo, lakini ukuta mrefu unaweza kutuna katikati, na ukituna, epoksi iliyokauka hupata ufa. Dawa yake ni ukanda wa plaiwudi wenye upana wa sentimita 10 unaozunguka juu ya tangi kwa ndani, pamoja na ubao mmoja wa kukatiza katikati unaounganisha ukuta wa mbele na wa nyuma. Ukanda huo huzuia kutuna kuliko milimita saba za ziada anazozitaka seremala.

Shiti mbili za futi 8 kwa 4 zitakutosha. Ya kwanza itoe sakafu na kuta mbili fupi, ya pili itoe ukuta wa nyuma na wa mbele, na ukanda wa juu utatoka kwenye mabaki. Uwe mwangalifu dukani, kwa kuwa ukisema unataka marine, yaani plaiwudi ya kuhimili maji, mara nyingi utaletewa ile yenye uso wa kahawia unaong'aa inayotumika kumwagia zege. Uso ule umetengenezwa ili zege lisinate, na epoksi nayo haitanata vizuri mpaka uuparuze wote kwa msasa, kazi ambayo simwombei mtu yeyote. Tafuta yenye uso wa mbao tupu, iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, kisha chungulia kingo zake: ukiona mapengo kati ya tabaka, irudishe. Kama utaongeza fremu ya mbao kwa nje, kumbuka kwamba paini na saipresi za mashamba ya Meru na Kilimanjaro Magharibi mara nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Ziache zikauke kwanza, la sivyo zitajipinda na kuvuta tangi pamoja nazo.

Ukuta wa mbele ukatwe dirisha, ukibakiza ukingo wa sentimita 8 kila upande, ili uwazi uwe na urefu wa sentimita 164 na kimo cha sentimita 44. Kioo kiwe cha milimita 12, chenye sentimita 174 kwa 54, na kikae kwa ndani ya ukingo huo, kamwe kisiwe kwa nje. Kikiwa ndani, maji yenyewe hukibana kwenye ubao na silikoni hubaki na kazi ya kuziba tu. Kikiwa nje, silikoni peke yake ndiyo itakayokishikilia. Kioo cha ukubwa huo kina uzito wa kilo 28 hivi na hakitapita kwenye uwazi wa juu iwapo ukanda na ubao wa kukatiza vimeshafungwa, kwa hiyo vyote viwili vipakwe epoksi vikiwa bado havijafungwa kwenye tangi, kisha vifungwe mwisho kabisa. Nimewahi kuona sanduku zuri likikatwa upya kwa msumeno kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuje kwenye epoksi, ambayo ndiyo tangi lenyewe. Tumia ile ya sehemu mbili isiyo na viyeyusho, na uipime sawasawa na maelezo ya kopo, maana kuzidisha kigumishi hakuharakishi kukauka. Huacha tu utando laini usiokomaa. Viungo vyote vifungwe kwa skrubu na gundi isiyoyeyuka majini (gundi nyeupe ya kawaida ya maseremala haifai), halafu kila kona ya ndani ijazwe epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka iwe na mviringo, kwa sababu kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) cha kuimarisha kona hakikubali kukunjwa kwenye kona kali. Juu ya mviringo huo laza ukanda wa faiba wenye upana wa sentimita 10 na uuloweshe kwa epoksi hadi weupe wake upotee. Palipobaki peupe pana hewa. Kitambaa hicho utakipata hata kwenye karakana zinazounda bodi za magari ya utalii hapo Arusha, ila usichukue resini yao ya poliesta, kwani haishiki mbao kama epoksi.

Baada ya hapo paka sehemu yote ya ndani, ambayo ni kama mita za mraba 3.2, mara tatu. Mkono wa pili utie rangi tofauti kidogo na wa kwanza, ndipo macho yataona palipoachwa. Kwa hali ya hewa ya Arusha kuna mambo mawili ya kuzingatia. Mkono wa kwanza upake baada ya saa nane mchana, joto linapoanza kushuka, kwa kuwa ubao unaopata joto hutoa hewa kutoka ndani yake na kuacha vitundu katika epoksi. Pili, baridi ya Juni hadi Agosti huchelewesha kukomaa na huleta utando wa mafuta juu ya epoksi, ambao usipooshwa kwa maji ya vuguvugu kabla ya mkono unaofuata, tabaka hizo mbili hazitashikana. Ukiweza kusubiri Januari au Februari, subiri.

Kioo kiwekwe epoksi ikishakomaa. Laza tangi kifudifudi, ukingo wa dirisha ukiwa chini, uparuze ukingo huo kwa msasa, uufute, kisha umwage silikoni ya kutosha na kushusha kioo juu ya vipande vidogo vya plastiki vya milimita 2 ili kisiikamue yote ikatoka. Silikoni iwe ile safi ya matangi ya samaki; ya mabafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Kwa kuwa hukauka kwa unyevu wa hewa, tena kutoka ukingoni kuelekea ndani, silikoni iliyobanwa kati ya kioo na ubao huchukua muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Mpe fundi likizo ya wiki mbili. Halafu jaza maji tangi likiwa nje, sentimita 20 kwanza, kesho yake 40, kisha 55, ukiwa umetandika magazeti makavu chini yake na kuvuta uzi mbele yake kuona kama linatuna. Likae hivyo wiki nzima, maji yamwagwe, lisuuzwe, ndipo ufikirie samaki.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeshaunda sanduku la plaiwudi la kufugia perege nyuma ya nyumba. Epoksi ni ghali, na fundi wa paa ameniambia nipake lami ya kuzibia paa, au rangi ya mafuta mara tatu. Unanishauri nini? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba, kijana. Rangi ya mafuta iache. Imetengenezwa kuhimili mvua inayonyesha na kukatika, na ikikaa majini usiku na mchana hulainika, hutoa malengelenge na kubanduka. Lami nyingi za paa huyeyushwa kwa mafuta ya petroli, ambayo sitaki yawe karibu na samaki utakaowala.

Kwa kuwa perege wako ni wa kitoweo na huhitaji dirisha la kuwatazama, epoksi hata huihitaji. Nunua karatasi nzito ya plastiki inayotandikwa kwenye mabwawa ya samaki, uitandaze ndani ya sanduku ikiwa nzima bila kuikata konani, uikunje vizuri na kuibana juu kwa vipande vya mbao. Kabla ya kutandaza, pitisha kiganja ndani ya sanduku lote utafute kichwa cha skrubu kilichochomoza. Nje paka hiyo rangi ya mafuta, huko ndiko kwake.

SWALI: Je, tangi la lita 600 linaweza kuwekwa ghorofani? (Msomaji, Shanty Town, Moshi)

JIBU: Kwa ukubwa huo, maji peke yake ni kilo 600, na ukijumlisha plaiwudi, kioo, mchanga na mawe utafika 750 bila shida, vyote vikikalia takriban mita moja ya mraba. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Takwimu hiyo inahusu chumba kizima, na tangi lililowekwa juu ya boriti kandokando ya ukuta huweza kubebeka, lakini hilo aliamue mhandisi aliyeona michoro ya nyumba yako. Kama nyumba haina michoro, liweke chini, juu ya meza ya mbao au ya chuma yenye uso ulionyooka, na upime usawa wake kwa pimamaji kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza.