Mashindano ya kupika kwenye TV: nilishasimama mbele ya majaji, ngoja nijibu

Mleta mada kauliza mambo mawili: haya mashindano ya kupika ya kwenye TV ni ya kweli au tunaigiziwa, na je, mtu anaweza kujifunza kupika kwa kuyaangalia? Wengi mmejibu "maigizo matupu" mkapita. Mimi nauza chakula jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na TV yangu iko ukutani juu ya friji, kwa hiyo haya mambo nayaangalia pamoja na watu wenye njaa.

Wateja wangu ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na vijana wa kubeba mizigo. Nikiweka mpira wanabishana, nikiweka MasterChef wanabishana zaidi. Siku moja mshiriki alipewa samaki mzima, akatoa minofu miwili safi kabisa, mengine yote akayasukumia pembeni. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri ugali akaniita: "Mwanangu, kichwa kakipeleka wapi?" Nikamwambia sijui, mzee wangu. Akasema, "Basi huyo si mpishi, huyo ni kiwanda." Banda zima likaangua kicheko. Hapa Mwanza nani asiyejua minofu ya sangara inapanda ndege, na kwetu yanabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa?

Haya, ni kweli au si kweli? Big Brother Africa mtazamaji alikuwa na kura yake. Watanzania wenzetu, Richard Bezuidenhout aliposhinda mwaka 2007, na Idris Sultan mwaka 2014 akarudi na dola 300,000, hata uliyekuwa humpendi ulijua watu wamepiga kura. Bongo Star Search nayo, mtu akikosea sauti unasikia mwenyewe. Kupika je? Huonji, hunusi. Unaangalia uso wa jaji ukitikisa kichwa na unaamini. Ndiyo maana mimi siulizi kama wamepanga, nauliza ulimi wa nani unahukumu.

Mwaka 2018 kwenye MasterChef ya Uingereza, mama mmoja mzaliwa wa Malaysia alipika rendang ya kuku. Ni kuku anayepikwa taratibu kwenye tui la nazi na viungo mpaka mchuzi ukaukie. Jaji Gregg Wallace akalalamika kwamba ngozi ya kuku haijakauka ikawa ya kutafunika kwa mlio. Jamani, kuku wa kwenye tui! Ni sawa na kumlaumu mtu wa Tanga kwamba samaki wake wa kupaka hajawa chipsi. Wamalaysia na Waindonesia wakachachamaa mitandaoni, hadi waziri mkuu wa Malaysia wa wakati huo, Najib Razak, akaingia kwenye ugomvi wa kuku.

Nilicheka, lakini kilinigusa, maana yalishanikuta. Miaka kadhaa nyuma kampuni fulani (siitaji) ilileta shindano la mama lishe hapa jijini, na kamera zake. Nikapika sato wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, na ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, kama wa kwetu Ukerewe. Dakika 45, jiko la gesi, na mimi mikono yangu imezoea mkaa. Nikamaliza kwa wakati. Nimeshapakua, kijana wa kamera ananiambia, "Dada, rudia kumimina mchuzi, mwanga haukukaa vizuri." Nikamimina sufuria lenye matone mawili, natabasamu. Halafu akarudia na kwa wenzangu wote. Majaji wanafika mezani kwangu, mchuzi umeshaweka utando na ugali umekaza.

Jaji mmoja akauchoma kwa uma, kwa uma kabisa, akauliza mbona mweusi na mbona unavutika. Nikamjibu, "Kaka, huo ni wa udaga, ndivyo ulivyo." Akaandika kitu. Aliyeshinda alipika wali wa rangi tatu, na sina kinyongo naye, alihangaika kweli. Jasho lilikuwa la kweli kwetu sote, hilo hakuna aliyetupangia. Alama ndiyo sikuielewa mpaka leo.

Kuhusu kujifunza: ndiyo, kidogo. Kwenye TV niliona wanamfuta samaki maji kwa kitambaa kabla ya kumtia kwenye mafuta. Nikajaribu kwa sato. Mafuta hayarukii mikono na ngozi haigandi kwenye karai, siku hizi simkaangi bila kumfuta. Chumvi hutajifunza kule, kwa sababu wanakuonyesha mkono ukinyunyiza, hawakuonyeshi alivyoonja mara nne.

Nikaiga na mapambo pia. Sahani pana, kipande kimoja cha sato katikati, mchuzi nimeuchora pembeni kama mkia wa mjusi. Nikampelekea kijana mmoja wa mizigo. Akaitazama, akanitazama. "Anti, hii ya kuonja nimeiona. Yangu inakuja saa ngapi?"