Kabla hujanunua lenzi, jiulize utasimama wapi

Msomaji mmoja wa Makambako kaniandikia wiki hii: “Kamwene dada. Desemba naipeleka familia Matema, tunapitia Tukuyu kwa wazee. Nimejibana mwaka mzima, sasa nataka nichukue ile 70-200 ya f/2.8 kwenye Canon yangu, nipate picha za watoto na wazee zenye hadhi ya harusi. Nichukue au nisubiri?”

Kamwene kaka. Usichukue. Na kusubiri pia usisubiri, maana hela ya lenzi hiyo inanunua lenzi ndogo mbili tatu na inabaki ya mafuta ya gari.

Kwa wageni wa mambo haya: 70-200 ni urefu wa lenzi kwa milimita, namba ikikua lenzi inavuta vya mbali zaidi; f ni upana wa tundu la mwanga, namba yake ikiwa ndogo tundu ni pana na vitu vya nyuma vinafifia. Najua jibu hilo linauma. Ile lenzi nyeupe ina heshima yake. Ukiivaa shingoni hata mlinzi wa ukumbini anakufungulia mlango bila kuuliza kadi. Lakini ina karibu kilo 1.5 kabla hujaifunga kwenye kamera, na kwa kamera zetu hizi zenye kihisi (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) kidogo, kinachoitwa APS-C, hata ukiirudisha mpaka mwisho wake mfupi, ile 70mm, bado ni ndefu mno. Piga hesabu. Familia iliyojipanga upana wa mita 4 inakutaka urudi nyuma zaidi ya mita 12 ndipo wote waingie. Kwa nyumba nyingi za Tukuyu, mita 12 kutoka barazani uko ndani ya migomba ya jirani. Ukiwa na lenzi ya 24mm, watu wale wale wanaingia ukiwa mita 4 na ushee, na bibi anakusikia ukimwambia afungue macho.

Wengi wetu tunachagua lenzi kwa kutazama jinsi inavyofuta vitu vya nyuma. Mimi nachagua kwa umbali. Nitasimama wapi, na huyu ninayempiga ataniruhusu nimsogelee kiasi gani? Aliyenifundisha hilo ni baba mkwe wangu, na katika maisha yetu yote hatukuwahi kuongea uso kwa uso.

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Iringa, nikaolewa Rungwe. Waliotoka huko wameshaelewa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Humsogelei, humtazami usoni, ukimwona anakuja unaiacha njia. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa mjini, lakini mzee wangu hakulegeza kitu. Akitoka barazani, mimi naingia jikoni. Akitaka kunijulia hali, anamtuma mjukuu.

Sasa katika ukoo ule mwenye kamera ni mimi. Mama mkwe nimempiga atakavyo na asivyotaka, tukiwa wawili jikoni, anamenya ndizi na moshi unatupitia, kwa 50mm ya f/1.8 ambayo ina uzito wa gramu 160 hivi na inashikika kwa vidole viwili. Mashangazi nimewapiga. Watoto ndio usiseme. Mzee hakuna. Ukifungua albamu ya ukoo, mwenye nyumba hayumo, labda ile picha ya kitambulisho.

Shemeji yangu mkubwa akaamua kulimaliza jambo hilo kwa njia yake. Krismasi moja akaleta kameramani kutoka mjini, kijana mwenye begi la magurudumu. Sikuambiwa. Nilitoka jikoni na sinia la chai nikakuta taa zinasimamishwa sebuleni, na shemeji anasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, “Safari hii tumetafuta mtaalamu, tumechoka na vilenzi vya kopo.” Nilikuwa nimewapiga watoto wake tangu ubatizo mpaka kipaimara, bure, na kusafishia juu yangu. Nikaweka sinia, nikarudi jikoni. Mpaka leo sijamwambia kitu, na ninyi msimwambie.

Mzee aliwekwa kwenye kiti akakaza uso kama anangoja kusomewa hukumu. Picha zilipoletwa, ngozi ilikuwa imelainishwa mpaka makunyanzi yote yamekwisha. Alizitazama, akamuuliza mjukuu huyu ni nani, akazirudisha ndani ya bahasha.

Picha yake ya kweli niliipata mwaka uliofuata, asubuhi, ukungu wa Tukuyu haujanyanyuka vizuri. Alikuwa barazani amevaa mabuti ya mvua, anakwangua mpini mpya wa jembe kwa kipande cha chupa. Mimi nilikuwa upande wa migombani, kama mita 10, nimefunga 55-250. Hii ndiyo lenzi ambayo watu huitupia macho wakaiacha mezani: ya plastiki, gramu 375, f/4 mpaka f/5.6. Aliniona. Nikashusha kamera, nikageukia pembeni. Basi akamwita mwanangu, wakanong'ona, mtoto akaja mbio mpaka kwangu: “Babu anasema kama unataka kupiga piga, ila usisogee.”

Sikusogea. Nilianza na 250mm nikaona picha inacheza, maana mwisho huo apacha, lile tundu la mwanga, inabana mpaka f/5.6 na barazani mwanga ulikuwa mdogo. Nikarudi kwenye 135mm hivi, f/5, ISO 1600 (usikivu wa kamera kwa mwanga), shata 1/250 ya sekunde, bega nimeliegemeza kwenye mgomba. Yeye hakuinua macho. Maganda membamba ya mti yalikuwa yanadondoka juu ya magoti yake, na kila baada ya kukwangua anapitisha kiganja juu ya mpini akitafuta palipobaki na ukakasi. Niliipiga ile ya kiganja. Makunyanzi yapo yote.

Mzee aliitundika sebuleni mwenyewe, na alipofariki ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza. Shemeji huwaambia wageni ilipigwa na yule mtaalamu wa mjini. Mpigaji huwa yuko jikoni anawaandalia wageni hao hao chakula.

Kwa hiyo sikukatazi lenzi ndefu, kaka. Nakukataza uzito na bei yake. Kwa safari ya familia hiyo 55-250 inakutosha kabisa, na kazi yake ni wale ambao hupaswi, au hutaki, kuwakaribia: mzee asiyependa kamera, mtoto ambaye akikuona tu anaanza kunyoosha vidole viwili, wavuvi wa Matema ambao nao ni watu, waombe ruhusa kwanza. Ina pia kitu kimoja ambacho lenzi fupi haikupi. Msimamishe mkeo mbali na wewe, mlima Rungwe ukiwa nyuma yake, rudi nyuma kisha vuta kwa lenzi: ule mlima, ambao una mita 2,960 hivi, unajaa nyuma ya bega lake. Umpige kwa simu ukiwa karibu, mlima unabaki kichuguu. Ila kumbuka kidhibiti cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi mtoto anayekimbia. Mtoto anataka shata ya 1/500 au zaidi.

Lenzi ya pili ni ya karibu, na hapa ndipo watu wanapowaharibu mama zao. Lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, wanaiacha kwenye 18mm, wanamsogelea mama nusu mita, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Halafu wanailaumu lenzi. Kosa ni la umbali. Kwa umbali ule lenzi yoyote inatoa pua ile ile. Rudi nyuma mita 2, sogeza zumu mpaka 50mm, mama anarudi kuwa mama. Kwa hiyo kama hiyo 18-55 unayo na bado inafokasi vizuri, hata 24mm unaweza ukaiahirisha. Mimi nimeinunua kwa sababu ni nyembamba, gramu 125, haitishi mtu, na kwenye Noah iliyojaa watoto na ndoo za parachichi ndiyo pekee inayopata nafasi ya kupumua.

Kuhusu 50mm ya f/1.8, sina la kuificha, naipenda. Kwenye kamera zetu inaonesha eneo lile lile ambalo ungelipata kwa 80mm kwenye kamera ya kihisi kikubwa, ndiyo maana uso unatoka vizuri. Lakini tafadhali usifungue f/1.8 kwenye kila kitu kwa sababu umeilipia. Mama akiwa amempakata mtoto, nyuso zao haziko umbali mmoja; jicho la mama litakuwa kali na la mtoto limeyeyuka. Weka f/2.8 au f/4. Familia nzima mistari miwili, f/5.6, basi. Nimeona picha za ukoo mzima ambapo aliyetoka vizuri ni mjomba mmoja tu, naye hata hakuwa mwenye shughuli.

Njia ya Uyole mpaka Kyela naiacha, cha kukwambia ni kwamba watoto watatapika. Ila mkiwa na siku ya ziada, Chimala pindeni kwenda Matamba, pandeni ile barabara ya kona 57 mpaka Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa juu wa mita 2,600 hivi, watu wanaita Bustani ya Mungu, na Desemba maua yanakuwa yameanza. Pale tumia 24mm, piga magoti, watoto wasimame njiani na maua yawe kati yako na wao. Usiwapeleke watoto katikati ya maua kwa ajili ya picha. Nimeona watu wazima wamelala juu ya okidi, na nguo zimepigwa pasi.

Mkitelemka Matema, ambako ziwa halifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, mtakuta joto na unyevu vinawasubiri. Lenzi iliyotoka kwenye baridi ya Kitulo inatoka jasho mle mle. Usiifute kwa fulana. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa saa moja hivi, wewe kaogelee. Na picha za ufukweni usizihangaikie mchana, jua la utosini linawachimbia watu macho. Milima ya Livingstone iko upande wa mashariki, kwa hiyo jioni jua linaipiga usoni. Wapange watu milima ikiwa nyuma yao, nao mwanga unawapata. Hapo 50mm, na 24mm kwa wote pamoja.

Ukienda kununua ya mtumba, washa tochi ya simu, tazama kioo kutoka nyuma. Ukiona vinyuzinyuzi vya utando, hiyo ni fangasi, rudisha hata wakikupunguzia nusu. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu usivitupe, tia kwenye begi, hasa kwa huku kwetu kwenye mvua. Na kwa wale wa Nikon mtakaosoma hapa: D3000 na D5000 na ndugu zao hazina mota ya fokasi ndani, 50mm za zamani zitaingia lakini mtafokasi kwa mkono. Tafuteni iliyoandikwa AF-S, hiyo mota yake iko ndani ya lenzi.

Jambo la mwisho ni la wewe mwenyewe. Wenye kamera hatumo kwenye albamu za familia zetu, na hakuna anayegundua mpaka siku picha yetu inapotafutwa. Ndugu zangu, tusijifanye wanyenyekevu, ni uzembe tu. Mpe kamera mtoto mkubwa. Funga 24mm, f/5.6, mwoneshe kubonyeza kitufe nusu mpaka kamera ilie, ndipo amalizie. Atawakata miguu zile za mwanzo, mwache azoee. Na uvue hiyo miwani ya jua uliyovaa kwenye picha yako ya wasifu.