Jibu kwa dada aliyeuliza: mpwa anayekimbia mita 10,000 aache chuo Mombasa ahamie Iten?

Dada yangu, umeeleza kwamba mpwa wako yuko mwaka wa pili chuoni hapa Mombasa, anakimbia mita 10,000, na watu wanamshauri aahirishe masomo ahamie Iten, mji wa wakimbiaji katika nyanda za juu, kwa sababu eti Pwani, kwa joto lake, haitoi mkimbiaji wa mbio ndefu. Nilikimbia mbio hizo miaka minne nikiwa mwanafunzi, nikifanya mazoezi kati ya Nyali na Bamburi, na ushauri wangu ni kwamba asiahirishe.

Sababu yangu ya kwanza ni Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mshiriki hatakiwi kuwa amevuka miaka 25, na ni lazima awe mwanafunzi aliyesajiliwa au aliyehitimu mwaka uliotangulia. Kijana aliyeingia chuoni na miaka 19 ana nafasi mbili, pengine tatu akijaliwa. Akiacha usajili wake ukatike, anaweza kurudi kutoka Iten akiwa na kasi nzuri kuliko wenzake wote, naye hana haki ya kusimama mstarini.

Hilo nalisema kwa uchungu. Nilishinda mbio za mchujo za kuchagua timu ya michezo hiyo, lakini barua ya kuthibitisha usajili wangu ilikaa majuma matatu katika ofisi moja ya chuo nilichosoma, kwanza kwa sababu ya salio la karo, kisha kwa sababu jina langu katika pasipoti lilitofautiana kwa herufi moja na lile la kwenye cheti cha shule. Barua ilipotiwa saini, orodha ya timu ilikuwa imekwisha kufungwa. Mwaka uliofuata nilihitimu, na michezo iliyokuja baadaye haikunihusu tena.

Ama kuhusu joto, wanaomtisha mpwa wako wamesahau yaliyotokea hapa hapa tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, alishindwa kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Hewa yetu ya mwezi wa Machi imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Mkimbiaji aliyezoea hali hiyo hutokwa jasho mapema zaidi, maji katika damu yake huongezeka, na moyo wake haulazimiki kwenda mbio kama wa mgeni. Mazoea hayo hujengeka kwa takriban majuma mawili na hupotea baada ya majuma machache, nayo michezo ya wanafunzi kwa kawaida huangukia Julai au Agosti, wakati nchi nyingi zinazoiandaa ziko katika kilele cha kiangazi. Kwetu hicho ni kipindi cha kusi na hewa ni nafuu, kwa hiyo asikimbie alfajiri tu. Majuma mawili kabla ya safari atoke pia saa nane mchana, akiwa na maji na mtu wa kumwangalia.

Sidharau nyanda za juu. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa mtu wa Pwani hufaidika nako kwelikweli. Aende wakati wa likizo ndefu, akae majuma sita, arudi darasani. Huko ajifunze pia kumaliza kwa kasi, kwa maana fainali za wanafunzi mara nyingi huenda polepole mizunguko ishirini na kitu, kisha medali zikaamuliwa katika ule wa mwisho.

Juma hili, hata hivyo, aende kwa msajili wa chuo akiwa na pasipoti na vyeti vyake vyote, alinganishe majina herufi kwa herufi, na aulize barua ya uthibitisho huchukua siku ngapi kutoka.