Upasuaji wa rovu kwa roboti: kovu halipotei, linahama

Anayekwambia kwamba upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa roboti hauachi kovu amekupa nusu ya habari. Kovu lipo, ila halikai shingoni. Hukaa kwapani, pembezoni mwa chuchu, nyuma ya sikio au ndani ya mdomo wa chini. Kabla hujauza ng'ombe Magu ili ukate tiketi ya India, jua kwanza kila njia inapita wapi na inamfaa nani.

Njia ya kwapani kwa roboti ilianzia Seoul, Korea Kusini, mwishoni mwa mwaka 2007. Mgonjwa hulazwa chali na mkono wa upande wenye uvimbe huinuliwa. Daktari hukata kwapani sentimita 5 hadi 6, kisha hubandua ngozi taratibu juu ya msuli wa kifua mpaka aifikie tezi. Chuma maalumu huinua ngozi hiyo ili njia isijifunge, ndipo mikono ya roboti iingie. Roboti haikati kwa akili yake. Daktari amekaa kwenye kiti chake kando, anatazama picha iliyokuzwa, na kila chuma kinafuata vidole vyake.

Njia ya mdomoni, iliyopata umaarufu kupitia madaktari wa Thailand, hutumia matundu matatu ndani ya mdomo wa chini: la katikati milimita 10, ya pembeni milimita 5 kila moja. Gesi ya kabonidioksidi hupulizwa kwa shinikizo dogo ili kupata nafasi. Hii inawezekana kwa kamera na vifaa virefu vya kawaida, bila roboti. Anayehesabu fedha alishike hilo: wakati mwingine unalipia roboti kwa kazi ambayo kamera ingeimaliza.

Kosa linalorudiwa sana ni kuuita upasuaji huu mdogo. Tezi inatolewa ile ile, na safari ya kuifikia ni ndefu zaidi: ngozi nyingi zaidi hubanduliwa na muda wa usingizi wa dawa huongezeka. Kifua kinaweza kuwa na ganzi kwa miezi kadhaa. Mkono ukiinuliwa kupita kiasi, mishipa ya fahamu ya begani huvutika na mgonjwa huamka na mkono mlegevu. Kwa njia ya mdomoni, kidevu kinaweza kufa ganzi, na kwa kuwa mdomo hauishiwi bakteria, antibiotiki ni lazima. Gesi kuingia kwenye mshipa wa damu ni nadra, lakini ikitokea ni dharura. Na zile hatari za siku zote ziko pale pale: kuumia kwa neva ya sauti, na kuharibika kwa tezi ndogo nne zinazotunza kalsiamu.

Wagonjwa wengi hawafai kwa njia hizi, na si kwamba daktari anawabania. Kwa njia ya mdomoni, uvimbe kwa kawaida usizidi sentimita 6, na kama ni saratani, isizidi sentimita 2 wala isiwe imetoka nje ya tezi. Rovu lililoachwa miaka mpaka likashuka nyuma ya mfupa wa kifua hutolewa kwa njia ya wazi. Vivyo hivyo shingo iliyowahi kupasuliwa au kupigwa mionzi. Mwenye homoni za tezi zilizopanda, anayetetemeka na moyo kumwenda mbio, hutulizwa kwanza kwa dawa. Kumpasua kabla ya hapo ni kucheza na maisha yake, njia yoyote iwayo.

Sasa keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, jambo ambalo matangazo hayaligusi. Kifua na mabega ni sehemu ambako ngozi nyeusi hutoa keloidi kwa urahisi mno. Tazama kovu la chanjo begani, au tundu la sikio. Kama vimevimba na kuwasha, njia inayopita kifuani inaweza kukuachia alama mbaya kuliko ile uliyoikimbia shingoni.

Ndiyo maana kwa wengi mkato wa wazi wa sentimita 4 hadi 6 bado ni chaguo zuri, mradi upangwe vema. Omba mstari uchorwe ukiwa umeketi, kabla ya usingizi, ndani ya mkunjo wa asili wa shingo. Ukishalazwa na shingo kukunjwa nyuma, ngozi husogea. Mstari uliochorwa hapo, ukisimama unaukuta umeshuka karibu na kifua.

Kwa aliye Mwanza, anza na ultrasaundi ya shingo, kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoonyesha tezi inavyofanya kazi) na kipimo cha sindano kama uvimbe unatia shaka. Beba barua ya rufaa. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa na Bugando ni ya kanda. Nyuzi za sauti zikaguliwe kabla. Kwa daktari yeyote wa roboti, wa hapa au wa nje, uliza amefanya wangapi kwa njia hiyo hiyo, na kama ikishindikana atakata shingoni. Jibu la pili lazima liwe ndiyo. Bima wakujibu kwa maandishi, si kwa simu.

Saa 24 za kwanza jihadhari na damu kuvujia ndani. Shingo ikivimba ghafla na pumzi kubana, ndugu aite muuguzi papo hapo, maana nyuzi za mshono huenda zikafunguliwa hapo hapo kitandani. Siku ya 1 hadi ya 3, midomo na vidole vikichonyota, kalsiamu imeshuka. Kwa hiyo wa Ukerewe asipande meli kesho yake. Akae mjini kwa ndugu siku chache. Ndoo kichwani na magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, wiki 2 hadi 3 asiguse.

Tezi yote ikitolewa, levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, ni ya maisha. Kianzio ni kama mikrogramu 1.6 kwa kilo moja ya uzito, yaani karibu 100 kwa mtu wa kilo 60. Inamezwa kwa maji, tumbo tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu vipishane nayo saa 4, la sivyo dawa hainyonywi na unabaki mchovu bila kujua sababu. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8.

Kidonda kikishafunga kabisa, bandika karatasi au jeli ya silikoni saa 12 kwa siku, miezi 2 hadi 3. Jua la ziwani hulitia kovu weusi. Mtandio mwepesi unatosha. Mkufu weka kabatini. Limao, dawa ya meno na krimu za kuchubua visikaribie. Kovu likianza kunyanyuka na kuwasha, wahi sindano za steroidi likiwa bado dogo, kwa kawaida kila baada ya wiki 4 hadi 6. Keloidi iliyokatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi kubwa kuliko mwanzo.