Re: Retingi 1900 ya chesi (sataranji) ya kwenye simu, naweza kuomba cheo cha CM (Candidate Master)?

Ndugu wa Mafinga, hapana. Hiyo 1900, yaani namba ya kiwango chako cha uchezaji, inaishia humo humo kwenye programu. Cheo hutolewa na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, na inaangalia retingi yake yenyewe, ile ya michezo ya muda mrefu. Bulitzi (michezo ya dakika chache) haihesabiki hata ushinde vipi.

Anza na namba ya FIDE, inayopatikana kupitia shirikisho la taifa. Kisha unahitaji michezo 5 dhidi ya wenye retingi, si lazima katika shindano moja. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi kwenda Dar, uliza: shindano limesajiliwa FIDE? Wenye retingi ni wangapi? Wengi hukwama hapo.

CM ni retingi 2200, FM (FIDE Master) 2300. Ukishafika, hata ukishuka kesho, cheo hakifutwi. Kwa wanawake, WCM (Woman Candidate Master) ni 2000.

IM (International Master, 2400) na GM (Grandmaster, 2500) ndiko kwenye kazi, maana retingi peke yake haitoshi: zinatakiwa na nomu (matokeo ya kiwango cha juu kwenye shindano), kwa kawaida 3, zenye jumla ya michezo 27. Nomu ya GM ni kucheza kwa kiwango cha 2600. Wapinzani wakiwa na wastani wa 2380, lazima upate pointi 7 kati ya 9! Tena watatu kati yao wawe GM, na wawepo wageni wa nchi nyingine. Mashindano ya mkoa, ya Mbeya au Iringa, hayawezi kukupa hilo.