Kwa nini "Yes, I'm" ni kosa

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu amemkosoa mwanao kwa kuandika "Yes, I'm", ilhali "I'm hungry" aliipitisha. Mwalimu yuko sawa. Vitenzi kama "am" na "will" hufupishwa vinapotamkwa kwa wepesi, vikiegemea neno linalofuata. Mwishoni hakuna cha kuegemea na sauti inavikazia, basi vinabaki vizima: "Yes, I am", "Yes, she will". Ukanushi ndio hauna shida hiyo. "No, I don't" ni sahihi kabisa.

Kufupisha kwenyewe, kama "I'm hungry", mwambie ni kama "ntakuja" yetu badala ya "nitakuja": mdomoni na kwenye meseji ni sawa, kwenye barua ya kuomba kazi hapana. Ukimwandikia rafiki "I'll be late", kuna jam Thika Road, nani atashtuka?

Kinachoniuma mimi ni "should of". Hapa Nairobi naiona kila mara. Sikio limeudanganya mkono: ni "should've", yaani "should have". Hilo mfundishe mapema, kabla halijakuwa mazoea.